Mbwa Aliyetoka Mahameni

Watu walimcheka sana Matilda Kalinga aliposema anakwenda Iringa kutafuta mbwa. Mbwa wa kufuatwa kwa basi! Mwaka ule wa 1976 mbwa walikuwa wamezagaa kuzunguka Igowole yote. Miaka miwili kabla, watu walikuwa wamehama kutoka kwenye makazi yao ya zamani yaliyotawanyika vilimani, wakaja kujenga pamoja kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Walibeba milango yao, vinu vyao, kuku wao, na mabati kwa waliokuwa na mabati. Mbwa wengi walibaki. Wengine waliwafuata wenyewe, wakakaa siku chache, kisha wakarudi walikozoea. Ukipita mahameni asubuhi ya ukungu uliwaona wamesimama milangoni mwa nyumba zisizo na paa, kimya, kama wenye nyumba.

"Wa mahameni simtaki," Matilda alimwambia jirani yake Esta. "Sijui kamuuma nani, sijui kaumwa na nani. Nataka mbwa aliyechanjwa, nijue nimechukua nini."

Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyechuma pareto tangu utotoni. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa kijiji kipya. Ukimaliza ua wake ulikutana na mahindi yake, na ukimaliza mahindi ulikutana na msitu wa paini. Ngedere walikuwa wanatoka humo mchana kweupe, na nguruwe pori jioni. Binti yake wa pekee, Roza, alikuwa ameolewa Mlandege, Iringa mjini. Ni Roza aliyemwambia kwamba bwana mifugo mmoja, jirani yao, anakusanya mbwa walioachwa, anawatibu, anawachanja, halafu anawapa watu.

Bwana mifugo huyo aliitwa Timotheo. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye makovu ya meno ya mbwa kwenye vidole. Alimpeleka Matilda nyuma ya nyumba yake, kwenye banda refu la mabanzi lililogawanywa vyumba. Mbwa wote walibweka kwa pamoja, wakarukia mabanzi, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa jike la rangi ya majani makavu, sikio la kushoto lina pengo kama lililokatwa kwa mkasi. Alikuwa ameketi katikati ya chumba chake akimtazama Matilda. Shingoni mwake palikuwa na mzunguko mwembamba usioota manyoya.

"Yule," Matilda alisema.

Timotheo aliegemea mabanzi. "Mama, yule nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha. Hawa wote niliwaleta mwenyewe, namjua kila mmoja nilikomtoa. Yule sikumleta. Jioni moja nilifunga banda hayumo. Asubuhi nikamkuta humo ndani ameketi hivyo hivyo, na mlango umefungwa nilivyoufunga."

"Labda mkeo alimwingiza."

"Mke wangu haingii huku, anawaogopa." Alijikuna kidevu. "Ni mzima lakini. Nimempima, nimemchanja. Anakula. Habweki tu."

Matilda alitaka kuondoka naye siku ile ile. Timotheo akakataa. Alivuta kigoda, akamketisha, akaanza kumuuliza maswali ambayo Matilda hakuwahi kudhani mtu anaweza kuulizwa kwa ajili ya mbwa. Atalala wapi mvua ikinyesha? Atakula nini msimu wa njaa, watu wenyewe wanapopunguza ugali? Mama akisafiri, nani atamlisha? Akizaa, watoto watakwenda wapi? Akimuuma mtoto wa jirani, nani atasimama mbele ya wazazi wake?

"Bwana mifugo," Matilda alisema, "hata mkwe wangu sikumuuliza hayo."

"Mkwe wako akikosana na mwanao atajirudia kwao. Huyu hana kwao. Nenda kaandae, mama. Nikija huko kwenye josho la ng'ombe nitapita kuangalia."

Basi Matilda akarudi Igowole mikono mitupu, na kijiji kikacheka mara ya pili. Hakujali. Alimwita Tadeo, fundi seremala aliyefanya kazi Mafinga kwenye mashine za mbao na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, akamwomba amjengee kibanda cha mbwa. Tadeo alileta mabanzi ya paini, akajenga kibanda kilichoinuliwa juu ya mawe ili baridi isipande kutoka ardhini, akakiwekea paa la kuteleza maji na mlango wenye komeo la mti kwa nje. Matilda aliziba matundu ya ua kwa mianzi. Alitenga sufuria moja kuukuu na bakuli la maji. Alimwomba Esta kwamba akisafiri yeye ndiye amlishe mbwa, na Esta akakubali huku akicheka. Alijifunza kupika ugali wa pumba kwa maji ya dagaa, na kwamba mifupa ya kuku haifai kwa mbwa kwa sababu inavunjika kama sindano.

Timotheo alipita na pikipiki yake kama alivyoahidi. Aliingiza kichwa ndani ya kibanda, akagonga mabanzi, akatingisha ua. "Sasa njoo umchukue," alisema.

Siku ya kumchukua, kondakta wa basi alikataa mbwa. Matilda akapata nafasi kwenye lori lililokuwa limepeleka mbao mjini na sasa linarudi Mafinga tupu. Kabla hawajaondoka, Timotheo alimfunga mbwa mkanda mpya wa ngozi wenye kifungo cha chuma, na kwenye mkanda akaning'iniza kibati kidogo cha duara cha kuonyesha amechanjwa.

"Mkanda huu usitoke shingoni, mama. Kichaa cha mbwa kikitokea huko kwenu watapita watu wa bunduki. Hawaulizi. Wanatazama kibati tu. Asiye nacho wanampiga."

Njia nzima mbwa aliketi katikati ya lori tupu, hakuyumba hata kwenye kona. Matilda alimpa jina humo humo barabarani. Alimwita Mgeni.

Jioni ile alimlisha, akamwingiza kibandani juu ya majani makavu, akasukuma komeo. Timotheo alikuwa amemwambia amfungie siku za mwanzo mpaka azoee, asije akatoroka. Asubuhi alipofungua mlango wa nyumba yake, Mgeni alikuwa ameketi kizingitini.

Matilda alikwenda kwenye kibanda. Komeo lilikuwa limesukumwa kama alivyoliacha. Alilivuta, akainama kutazama ndani. Juu ya majani, pale mbwa alipokuwa amelala, palikuwa na mkanda wa ngozi. Aliuokota. Ulikuwa umefungwa, kifungo kimeingia kwenye tundu lile lile alilolitia Timotheo. Alijaribu kupitisha mkanda uliofungwa juu ya kichwa cha mbwa. Haukupita hata masikioni.

Alidhani Tadeo anamtania. Tadeo aliapa kwa jina la mama yake. Akaja jioni na nyundo yake, akakaza mkanda, akagongelea kifungo kwa msumari mdogo aliopinda ncha, hata mwenye mikono hakuweza kukifungua. Akasukuma komeo mwenyewe, akalifunga kwa waya. Asubuhi Mgeni alikuwa kizingitini, waya haukuguswa, na mkanda ulikuwa juu ya majani, msumari umepinda vile vile.

Tadeo alitazama mkanda kwa muda mrefu. Kisha akauweka chini taratibu, kama anarudisha kitu cha watu. "Mama Roza," alisema, "mimi sitagusa tena hiki kitu." Akaenda zake bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Habari hazikuchelewa. Esta alikuja na akina mama wawili wa kanisani, wakasimama nje ya ua bila kuingia.

"Mrudishe, mnyalukolo, ndugu yangu," Esta alisema. "Uliomba mbwa. Huyu hujui ni nini."

"Anakula," Matilda alijibu. "Anakunywa maji. Jana alitapika dagaa. Kitu kingine kinatapika dagaa?"

Lakini walipoondoka aliketi kizingitini. Aliogopa, hilo hakulificha hata alipokuja kusimulia baadaye. Aliwaza kumrudisha Iringa. Aliwaza pia maswali ya Timotheo, yote yale, na kwamba hakuna hata moja lililosema: na akiwa wa ajabu je? Mgeni alikuja akalala juu ya miguu yake. Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya Mufindi inaingia mpaka kwenye mifupa, na tumbo la yule mbwa lilikuwa la moto. Matilda hakuondoa miguu.

Ngedere hawakugusa mahindi tena. Mgeni hakuwakimbiza. Aliketi tu mwisho wa shamba, uso msituni, nao wakakaa juu ya paini wakimtazama.

Siku ya gulio Matilda alikwenda gulioni kuuza ulanzi, pombe ya mianzi, Mgeni pembeni, mkanda shingoni, maana alikuwa ameung'oa ule msumari na kumfunga tena kila asubuhi, na mchana ulikuwa unakaa. Alikuwa anampimia mtu kikombe aliposikia kitu kimeanguka nyuma yake. Aligeuka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama, kapu lake la viazi limemwagika miguuni, anamtazama mbwa.

"Kamwene," Matilda alimsalimu.

Mwanamke hakuitika. "Huyo mbwa ni wa nani?"

"Wangu."

"Umemtoa wapi?"

"Iringa. Kuna nini, dada?"

"Huyo mbwa tulimzika," mwanamke alisema.

Aliitwa Benedicta. Alikaa kijiji cha ng'ambo ya bonde, naye pia alikuwa mjane. Matilda alimketisha, akampa ulanzi, na Benedicta akaeleza huku macho hayamtoki mbwa. Jina lake lilikuwa Watasema. Alikuwa mbwa wa mumewe, Yohane. Lile pengo la sikio aling'atwa na nguruwe pori. Wakati wa kuhama, lori lilikataa mbwa. Yohane akasema kuliko kumwacha afe njaa au awe kichaa, heri ammalize mwenyewe. Akamwongoza nyuma ya nyumba, akabeba rungu na jembe. Alirudi peke yake, mikono ina udongo, analia kama mtoto. Benedicta alikwenda akaona kaburi, akaweka jiwe juu yake. Yohane hakupata kulitaja jina la yule mbwa tena, na msimu wa baridi uliofuata kifua kikamchukua.

"Mbwa wanafanana," Matilda alisema.

"Wanafanana. Mtazame shingoni. Mkanda wake ulipokatika, nilimshonea mwingine wa ngozi ya ng'ombe, nikamshonea papo hapo shingoni kwa sindano ya gunia na uzi wa katani. Haukuwa na kifungo. Ulimkaza kidogo, ukamla manyoya. Usingeweza kuutoa bila kuukata."

Matilda hakuhitaji kutazama. Alijua pale pasipoota manyoya kama alivyojua kiganja chake.

"Kama mbwa ni huyu," Benedicta alisema polepole, "Yohane alizika nini?"

Hawakupanga mambo mengi. Kesho yake asubuhi Matilda alichukua jembe, akakutana na Benedicta kwenye njia panda, wakapanda pamoja kuelekea mahame ya akina Benedicta. Mgeni alikwenda mbele yao bila kuongozwa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mbwa alikuwa anapotea hatua chache mbele, kisha anaonekana amesimama akiwangoja. Walipita nyumba za watu waliowajua: kuta tu, majani yamefika madirishani, mipichi inaendelea kuzaa na hakuna anayechuma. Hapakuwa na ndege anayelia. Mara kwa mara kitu kilikimbia nyuma ya ukuta, wakasikia kucha kwenye mawe, lakini hakuna mbwa aliyejitokeza.

"Pale," Benedicta alisema.

Nyumba yake ilikuwa bado imesimama, haina paa wala mlango. Mgeni alikwenda akaketi kwenye nafasi ya mlango, uso ndani, akiwapa mgongo. Nyuma ya nyumba, kaburi lilikuwa limebonyea kidogo, na jiwe lilikuwa mahali pake. Ukoga ulikuwa umeanzia kwenye udongo ukapanda juu ya jiwe bila kukatika. Hakuna aliyeligusa tangu lilipowekwa.

Matilda alilisukuma, akaanza kuchimba. Benedicta alisimama ameshika kanga yake mdomoni. Udongo wa juu ulikuwa laini, uliowahi kuchimbwa, ulitoka kirahisi. Shimo lilipofika kimo cha goti, jembe lilivuta kitu. Matilda akaliacha jembe, akapiga magoti, akafukua kwa mikono.

Ulikuwa mkanda. Ngozi ya ng'ombe, imekauka na kukakamaa, bado imekaa mviringo, kama imeshika shingo. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na unywele mmoja. Alipapasa chini yake akakuta ardhi ngumu, ambayo jembe la mtu yeyote halikuwahi kuifikia.

Alimpa Benedicta. Benedicta aliugeuza mikononi, akipitisha kidole gumba kwenye mshono, tundu kwa tundu, mpaka akazunguka wote na kurudi alipoanzia.

"Mishono yangu," alisema. "Yote ipo."

Kisha Matilda akauliza, "Mumeo unavyomjua, angeweza kumuua?"

"Yohane? Nyumbani hata kuku nilikuwa nachinja mimi." Alicheka kidogo, na cheko lile likageuka kilio. "Alimwachia. Mwongo yule. Alimwachia akafukia mkanda ili mimi nisimsumbue."

"Aliuvuaje?"

Benedicta aliupeleka ule mkanda mlangoni, akausogeza karibu na mbwa. Mgeni aliunusa mara moja, kama mtu anayeonyeshwa nguo aliyoiacha zamani, akageuza uso.

"Watasema," Benedicta aliita.

Mbwa akainuka. Alimwendea, akaweka kichwa chake kwenye mapaja yake, akakaa hivyo huku yule mwanamke anamlilia shingoni. Kisha akajitoa, akarudi kuketi karibu na Matilda.

"Ukimtaka, ni wako," Matilda alisema. Ilimuuma kusema hivyo.

Benedicta alitikisa kichwa. "Mimi nilimwacha. Ameshachagua." Wakaurudisha mkanda shimoni, wakaufukia, wakarudisha jiwe. Walipokuwa wanashuka hakuna aliyetazama nyuma, na hakuna aliyemwambia mwenzake asitazame.

Haikupita muda mrefu kichaa cha mbwa kikatokea kijiji cha jirani. Likapigwa tangazo: siku ya Alhamisi mgambo watapita na bunduki, kila mbwa asiye na kibati atauawa, na wa mahameni wote wataondolewa. Timotheo alikuja kuchanja. Matilda alimngoja amalize watu, akamweleza kila kitu, kuanzia asubuhi ya kwanza mpaka shimo.

Timotheo alisikiliza akiwa amekalia pikipiki. Alipoelewa alishuka, akaukagua mkanda na ule msumari uliopinda. "Mama, mimi nimesomea mifugo," alisema mwishowe. "Hili halikuwemo. Unataka nimchukue?"

"Hapana. Nataka uniambie nifanye nini asipigwe. Akiwa hana mkanda, watampiga."

Timotheo aliwaza. "Mchana mkanda unakaa?"

"Unakaa."

"Gulioni ulikaa. Mahameni ulikaa. Unatoka lini?"

Matilda alikumbuka: ulikuwa unatoka alipomfungia kibandani. Hapo tu.

"Ni mimi niliyekwambia umfungie," Timotheo alisema. "Basi nilikosea. Toa ule mlango."

Matilda aliung'oa mlango jioni hiyo hiyo, akaukata kuni. Asubuhi Mgeni alitoka kibandani mwenyewe, akajinyoosha, na mkanda ulikuwa shingoni.

Alhamisi ukungu haukuinuka. Kuanzia asubuhi milio ya bunduki ilisikika juu kwenye mahame, mmoja, kisha kimya, kisha mwingine. Matilda aliketi kizingitini na mkono juu ya shingo ya Mgeni. Kila mlio ulipolia, mbwa aliinua kichwa, akatazama upande ule, kama anayesikia watu wake wanaitwa majina. Alikuwa hatetemeki.

Karibu na adhuhuri mlio mmoja ulipolia, Mgeni alisimama ghafla. Manyoya ya mgongo yalimsimama yote, kuanzia shingoni mpaka mkiani. Akabweka. Ndiyo mara ya kwanza, na ilikuwa mara moja tu, sauti nene isiyolingana na mwili wake. Kisha akalala tena, akaweka kidevu juu ya mguu wa Matilda.

Baadaye mgambo wawili walitokea kwenye ukungu, nguo zimelowa. Yule wa mbele alimwona mbwa, akasimama palepale. Akainua bunduki nusu, akaishusha.

"Ana kibati," Matilda alisema. "Njooni mtazame. Amechanjwa."

Mgambo hakutazama kibati. Alikuwa anatazama sikio. "Mama, huyu alikuwa wapi tangu asubuhi?"

"Hapa. Mkono wangu haujamwachia."

Alimgeukia mwenzake. "Si huyu?"

"Ndiye," mwenzake alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Tumempiga sasa hivi kule juu. Alikuwa ameketi mlangoni, kwenye nyumba ile isiyo na paa. Hakukimbia hata kidogo. Sikio hilo hilo."

Mgeni aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa upole tu, kama anavyowatazama watu wote. Yule wa mbele alivua kofia yake, wala hakuonekana kujua kwa nini anaivua. Wakaenda. Nyumba za mstari ule zilizobaki hawakuzipitia.

Tadeo alikuwemo kwenye kundi la waliokwenda Jumamosi kuzika mizoga. Walizika mingi. Kwenye mlango wa nyumba ya akina Benedicta hawakukuta mzoga. Majani yalikuwa yamelala mahali mnyama alipoketi, na risasi ilikuwa imeingia ukutani. Tadeo aliichomoa kwa patasi, ikawa safi, haina hata tone la damu.

Tangu hapo hakuna aliyemwambia Matilda amrudishe mbwa. Watu walimzoea, kama wanavyozoea mlima unaotoa moshi. Watoto walimpita wakimsalimu. Esta alianza kuingia uani, ingawa alipenda kuketi upande wa mlango wa kutokea. Kila mwaka Timotheo alikuja na sindano yake, akamchanja, akabadilisha kibati, akauliza anakula vipi, na mengine hakuuliza. Mgeni hakuzaa, hakuugua. Benedicta alikuwa akija baada ya ibada na maziwa kwenye kibuyu, na mbwa aliitika majina yote mawili, lile la Matilda na lile la Yohane, bila kuchanganya.

Mwaka wa 1978 Matilda aliumwa tumbo vibaya, akapelekwa Iringa. Kabla hajapanda lori alimwita Benedicta, akamkabidhi mbwa na nyumba: sufuria ni ile, dagaa wako juu ya dari, akikohoa mwite bwana mifugo, na usimfungie popote. Alipotoka hospitali, tumbo limepasuliwa na kushonwa, alikaa kwa Roza Mlandege mpaka nguvu zikarudi. Roza alitaka abaki moja kwa moja. Alikataa. Alisema ana kiumbe kinachomngoja.

Alirudi mchana, jua linawaka baada ya mvua, barabara inatoa mvuke. Lori lilimshusha mwisho wa mstari wa nyumba. Benedicta alikuwa amesimama penye ua, na Mgeni alishatoka mbio. Mbwa alimzunguka, akamnusa mikono, akajisugua miguuni pake mpaka nusura amwangushe. Matilda alicheka, akamshika masikio, akamwita majina ya kila aina.

Kisha Mgeni akamwacha. Alipita pembeni yake, akaenda hatua kidogo nyuma yake, kule barabarani ambako lori lilikuwa limeshaondoka. Matilda alisikia mkia unapiga majani. Alisikia ile sauti ndogo ya kooni ambayo mbwa huitoa kwa mtu aliyemkosa siku nyingi. Alitazama uso wa Benedicta, ambaye alikuwa anaweza kuona huko nyuma, na uso ule ulikuwa umepauka.

"Kuna mtu?" Matilda aliuliza.

"Hakuna mtu," Benedicta alisema.

Matilda hakugeuka. Alisimama kidogo akivuta pumzi, mkono tumboni penye mshono. Halafu akaenda mpaka penye ua, akasukuma mlango wa mianzi mpaka mwisho, akaushikilia wazi. Alingoja mpaka mbwa akaingia polepole, kichwa juu, upande mmoja wa njia, akiwa ameacha upande wa pili kama kuna anayetembea naye. Ndipo akaufunga, akamwambia Benedicta aongeze maji ya kikombe cha tatu kwenye sufuria ya chai.